Neno "Shoga" na Orodha ya Ubaoni: Kufunza Msamiati wa Hadithi Fupi katika Kidato cha Tatu na cha Nne

Mwalimu wa Kiswahili anapoingia Kidato cha Tatu na diwani ya hadithi fupi mkononi, aghalabu kazi huanzia ubaoni. Huchora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto huorodhesha maneno magumu aliyoyateua usiku uliotangulia, na upande wa kulia akaandika visawe vyake. Wanafunzi hunakili. Kufikia wakati kengele inapolia, kipindi cha dakika arubaini kimekwisha na hakuna aliyesoma hadithi. Kesho yake hadithi husomwa kwa kasi, na kila neno la orodha linapofikiwa wanafunzi huitikia kwa pamoja kisawe walichopewa, mfano wa kanisa linaloitikia sala. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, na ninaamini wengi wa wanaosoma makala haya wamefanya au wangali wanafanya.

Makala haya hayanuii kupinga ufunzaji wa msamiati. Yananuia kuonyesha kwamba katika utanzu wa hadithi fupi, ambamo nafasi ni finyu na mwandishi hana kurasa za kutapanya, huenda neno moja likabeba ploti nzima. Kisawe cha haraka kinapowekwa mahali pa neno la namna hiyo, hadithi huanguka, na mwanafunzi hupeleka magofu yake katika chumba cha mtihani. Mfano wangu mkuu ni hadithi ya Alifa Chokocho, "Shogake Dada ana Ndevu", iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, diwani iliyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2018. Shule zimekwisha kuhamia Mapambazuko ya Machweo, lakini kosa nililolifanya na diwani ile halikuhama nayo.

Mwaka wa kwanza nilipoifunza hadithi hiyo niliandika ubaoni: shoga – rafiki. Mimi ni mtu wa bara, na wanafunzi wangu pia ni wa bara. Nilipoandika neno hilo darasa zima lilipasuka kwa kicheko, kwa sababu maana waliyoijua wao ilikuwa ile iliyoenea siku hizi magazetini na mitaani, ya mwanamume anayeshiriki mapenzi na wanaume wenzake. Niliwanyamazisha. Niliwaambia kwa ukali kuwa hapa maana yake ni rafiki tu, na nikapita haraka kwenda neno la pili, kama mtu anayevuka barabara penye magari. Ilinichukua miaka miwili kutambua kwamba nilipovuka ndipo hadithi ilipokuwa.

Tuikumbuke kwa ufupi. Bwana Masudi na Bi Hamida wana binti, Safia, anayesifika kwa adabu na kwa bidii ya masomo. Wazazi hawa humtaja kwa fahari. Safia hutembelewa nyumbani na mwenzake aitwaye Kimwana, aliyevaa buibui, na wawili hao hujifungia chumbani wakidurusu. Lulua, mdogo wake Safia, ndiye anayeona kisichoonwa na wakubwa: kwamba huyo shoga wa dadake ana ndevu. Maneno ya mtoto hayapewi uzito. Safia anapata mimba, anajaribu kuiavya, na anakufa.

Sasa tufanye jaribio dogo. Tuondoe "shoga" na kuweka kisawe changu cha ubaoni. Anwani itakuwa "Rafiki wa Dada ana Ndevu". Kuna ajabu gani hapo? Rafiki katika Kiswahili hana jinsia. Anaweza kuwa mvulana, msichana, mzee au kijana. Rafiki mwenye ndevu ni mwanamume tu, na anayesikia habari hiyo huenda akauliza kwa nini dada anaandamana na wanaume, basi. Hakuna mgongano wowote baina ya neno la kwanza na la mwisho. Lakini kwa mtu wa Pwani, shoga katika maana yake ya nyumbani ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mwanamume hana shoga wa namna hiyo, naye hawezi kuwa shoga wa mwanamke. Ana sahibu yake au swahiba yake. Kwa hivyo shoga mwenye ndevu ni jambo lisilowezekana, sawa na kusema jogoo ametaga. Mtoto anapolitamka amekwisha kutoboa siri yote ya nyumba ile katika maneno manne. Yaliyosalia katika hadithi ni wakubwa kukataa kusikia sarufi ya mtoto.

Nimesema sarufi makusudi. Mwandishi hakuandika "shoga ya dada" wala "rafiki yake dada". Ameandika "shogake". Tunawafunza wanafunzi ufupisho wa vimilikishi katika Karatasi ya Pili: mamake, babake, dadake, mkewe, mwanangu, mwenzangu. Tunawaeleza kuwa nomino zinazopenda ufupisho huu ni zile za ujamaa na za watu wa karibu. Hatusemi "kitabuche" wala "mezaye" katika mazungumzo ya kawaida. Basi tazama lilivyo umbo hili: kwa kuambatishwa kimilikishi jinsi anavyoambatishwa mama au dada, mgeni huyu amekwisha kuingizwa katika orodha ya watu wa nyumbani. Anapobisha hodi hatazamwi usoni, maana shogake Safia ni kama mtoto wa nyumba. Buibui lilimfunika mwili, na neno likamfunika zaidi ya buibui. Wazazi hawakudanganywa na nguo peke yake. Walidanganywa na jina la uhusiano ambalo hawakuwahi kufikiri kwamba linaweza kukaliwa na mtu asiyestahili.

Jina la mhusika linafanya kazi iyo hiyo. Kimwana, kwa maana ya kawaida, ni msichana mrembo, kigoli wa kutazamwa. Miongozo mingi niliyoiona humtaja Kimwana katika sehemu ya wahusika, ikampa sifa tatu nne (mwongo, mnafiki, mzinifu), kisha ikapita. Jina halikuulizwa. Mwanafunzi aliyekwisha kufunzwa majazi katika tamathali na mbinu za sanaa angeweza kuulizwa swali rahisi: hili ni majazi au ni kinyume cha majazi? Mhusika ana jina linalolingana na hali yake, au jina ni vazi jingine? Katika darasa langu la mwisho kuisoma hadithi hii, swali hilo lilizua mjadala uliokula kipindi kizima, na sikujuta.

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo lilinikosesha usingizi kidogo. Kisawe kibovu hakiharibu msamiati pekee, bali huharibu maudhui. Wanafunzi waliopewa "shoga – rafiki" walikwenda moja kwa moja kwenye fundisho lililo tayari vichwani mwao tangu shule ya msingi: hadithi inatuonya dhidi ya marafiki wabaya. Nilisahihisha insha baada ya insha zenye sentensi hiyo. Lakini hadithi haisemi hivyo, au haisemi hivyo kwanza. Kimwana si rafiki mbaya aliyempotosha msichana mwema. Kimwana ni mpenzi aliyepewa cheo cha shoga ili apite mlangoni, na Safia mwenyewe alishiriki kumpa cheo hicho. Lawama kubwa inawaangukia wazazi walioridhika na sifa na majina. Walipoambiwa ukweli na mtoto mdogo, waliona ni upuuzi wa kitoto. Wasichana walioketi mbele yangu walikuwa na umri wa Safia. Kuwaambia wachague marafiki wema, ilhali hadithi inawaeleza jinsi nyumba yenye heshima inavyoweza kumwacha binti afe bila mtu wa kumwambia shida yake, ni kuwanyima kile ambacho mwandishi alikiandika.

Hata kile kicheko cha siku ya kwanza kilikuwa na thamani. Wanafunzi hawakukosea kwamba neno lina maana nyingine. Walikosea kufikiri ndiyo maana ya pekee. Mwalimu anayeona haya na kupita haraka huwaachia wanafunzi maana ileile waliyokuja nayo, na baadhi yao huenda wakasoma hadithi nzima wakidhani inahusu jambo jingine kabisa. Sasa mimi huanza papo hapo. Huandika neno ubaoni peke yake, bila kisawe, na kuuliza: nani humwita nani hivi? Tunatenga maana ya mtaani na maana ya ukumbini kwa bibi wa Mombasa au Lamu, na tunajiuliza ni ipi inayotajwa na mtoto Lulua. Wanafunzi wakiulizwa kwa uzito hujibu kwa uzito.

Mfano wa pili unatoka katika diwani iyo hiyo. "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike yanawahusu Dennis Machora, kijana wa ukoo maskini, na Penina, msichana wa jamaa tajiri. Mapenzi yananawiri wakiwa chuoni. Kazi inapokosekana, mapenzi yananyauka na Dennis anafukuzwa. Orodha ya ubaoni husema: kifaurongo – uongo, au: mapenzi ya kifaurongo – mapenzi ya uongo. Mwanafunzi hutosheka, kwa sababu "urongo" umo ndani ya neno na anauona.

Hata hivyo, kifaurongo ni mmea. Ni ule mmea mdogo utambaao chini ambao majani yake hujikunja yanapoguswa, ukadhani umekufa, kisha baada ya muda yakajifungua tena. Zaidi ya hayo, utazame muundo wa neno lenyewe: kufa, urongo. Kinachofanyiwa uongo ni kufa, si kuishi. Tukilifuata neno kwa uaminifu, mapenzi ya kifaurongo yangekuwa mapenzi yanayojifanya yamekufa, nayo bado yana uhai ndani yake! Lakini hadithi inatupa mapenzi ambayo uhai wake ndio uliokuwa na shaka. Je, mwandishi amekosea jazanda yake? Nimebishana na walimu wenzangu juu ya swali hili, na sikubaliani na wanaosema ni kutafuta nywele katika yai. Rai yangu ni kwamba mwandishi aliuchukua mmea huu kwa ajili ya mguso. Majani ya kifaurongo yanapendeza mradi hayajaguswa. Dhiki ilipoyagusa mapenzi ya Penina, yalijikunja mara moja. Jazanda inafaa kwa upande huo, na inachechemea kwa upande wa pili, kwa kuwa mmea hufunguka tena na Penina hafunguki. Sioni ubaya wa kumwambia mwanafunzi kwamba jazanda inaweza kuchechemea. Kinyume chake, hapo ndipo anapoanza kuwa mhakiki. Kwa wale ambao mmea huu unamea katika uwanja wa shule, mpeleke mwanafunzi akauguse kwa kidole kabla ya kufungua kitabu.

Kuhusu hadithi iliyoipa diwani jina, ile ya Said A. Mohamed, nitasema machache. Anayeingia katika mkahawa wa Mzee Mago kule Madongoporomoka na kula kila kilichopikwa ni "jitu". Katika Karatasi ya Pili wanafunzi wetu hubadilisha "mtu" kuwa "jitu" katika hali ya ukubwa, wakapata alama zao, na zoezi likaishia hapo. Katika Karatasi ya Tatu wanakutana na jitu lenyewe, lina jasho na tumbo, na hakuna anayekumbuka zoezi. Ukubwa huu unamwondoa mlaji katika ngeli ya watu. Anaingia LI-YA, ngeli ileile ya tumbo. Ndiyo maana "lisiloshiba" ya anwani inaweza kulichukua tumbo au jitu bila kubadilika hata kiambishi kimoja. Sarufi imewaunganisha. Na jina Madongoporomoka lenyewe ni madongo na kuporomoka. Wakaazi wa huko walikwisha kuhukumiwa na jina la mtaa kabla jitu halijafika.

Isidhaniwe kuwa ugonjwa huu ni wa Kiswahili peke yake. Mwalimu wa Kiingereza tunayepakana naye madarasa ana orodha zake pia. Aliwahi kunilalamikia kuhusu hadithi ya Naguib Mahfouz, "Half a Day", iliyoipa jina mojawapo ya diwani za Kiingereza zilizosomwa katika shule zetu. Mtoto anapelekwa shuleni asubuhi na babake, na anapotoka langoni amekuwa mzee. Mwenzangu huyu alitafuta maneno magumu ya kuorodhesha akapata machache mno. Basi aliona hadithi ni nyepesi, akaisoma kwa kipindi kimoja. Wanafunzi walimaliza wakiuliza babake alikwenda wapi na kwa nini hakuja kumchukua. Neno gumu lilikuwa "nusu" na lilikuwa "siku". Hakuna kamusi ambayo ingemsaidia, kwa vile kila mmoja aliyajua. Huu ni upande wa pili wa kosa lile lile: orodha hukusanya maneno yasiyojulikana, ilhali katika hadithi fupi neno linalojulikana mno ndilo linalotega.

Najua pingamizi zitakazotolewa, kwa sababu nimezitoa mwenyewe katika mikutano ya idara. Muda ni mfupi. Karatasi ya Tatu ina riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi juu ya hadithi fupi. Darasa lina wanafunzi wengi na kamusi tano. Mwanafunzi asiyejua maneno kumi katika ukurasa mmoja hawezi kuketi kutafakari neno moja. Haya yote ni kweli, na siwezi kumwambia mwalimu aliye na vipindi thelathini kwa juma aache orodha kabisa. Kuna maneno yanayostahili orodha: majina ya vitu, vyakula, mavazi na vyombo. Mwanafunzi wa bara asiyewahi kuona buibui aelezwe buibui ni vazi gani, tuendelee na kazi. Ninachopinga ni kuchanganya maneno ya namna hiyo na maneno ambayo watu huitana, husifiana na kushutumiana kwayo. Buibui ni kitu. Shoga ni uhusiano, na uhusiano hauna kisawe. Una watu wanaoruhusiwa kuutumia na watu wasioruhusiwa.

Mazoea yangu ya sasa ni haya, kwa anayetaka kuyajaribu. Hadithi husomwa yote kwanza kwa sauti, pamoja na maneno yake magumu, bila kusimama. Wengi hushangaa ni kiasi gani wanafunzi huelewa. Kisha kila mwanafunzi huchagua neno moja tu, si kumi, na kueleza ni nani analitumia katika hadithi na ni nani halitumii kamwe. Halafu huliondoa, akaweka kisawe kutoka kamusini, na kueleza ni nini kimevunjika. Kama hakuna kilichovunjika, neno halikuwa muhimu na anachagua jingine. Kazi hii haihitaji kitabu cha ziada, na inamwandaa mtahiniwa kwa swali la ufaafu wa anwani kuliko hoja ishirini zilizokaririwa kutoka katika mwongozo. Isitoshe, inamponya ule ugonjwa wa insha ambapo mwanafunzi hulundika maneno mazito kama vito vya kukodi, asijue ni nani huyasema.

Matokeo yake si mema kila mara, hasa mbele ya msahihishaji mwingine. Katika mtihani mmoja wa mwigo ulioandaliwa kwa pamoja na shule kadhaa, kulikuwa na swali kuhusu ufaafu wa anwani "Shogake Dada ana Ndevu". Msichana mmoja wa darasa langu aliandika kwamba anwani inafaa kwa sababu ni maneno ya mtu mmoja tu katika nyumba ile anayejua maana ya neno shoga, naye ni mtoto. Akaongeza kuwa kama ingekuwa "rafiki", Bi Hamida angeshtuka siku ya kwanza na hadithi isingetokea. Mwongozo wa kusahihisha uliorodhesha hoja kumi: Kimwana ana ndevu, Kimwana amevaa buibui, Lulua anaona ndevu, na kadhalika. Hoja ya msichana huyu haikuwamo. Msahihishaji alipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "fafanua", na kumpa sufuri. Nilikwenda na karatasi hiyo hadi kwa mwenyekiti wa jopo. Tulisoma aya ile mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza kama shoga si rafiki tu.